Mwenye Ndege na Mwenye Jasho

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2006, wahudumu wa ndege wapatao 9,000 wa shirika la Northwest la Marekani walikuwa wakiisubiri saa nne na dakika moja usiku. Huo ndio wakati ambao chama chao kilitangaza kuwa mgomo ungeanza. Haukuwa mgomo wa watu wote kubaki nyumbani. Mhudumu angevaa sare, angeburuta sanduku lake hadi mlangoni mwa ndege kama siku zote, na pale chama kingeamua, bila kulitaarifu shirika, wahudumu wa safari moja wangeshuka na ndege ingebaki imesimama. Kesho yake ingekuwa safari nyingine, katika mji mwingine. Saa chache kabla ya wakati huo, Jaji Victor Marrero wa mahakama ya shirikisho mjini New York alitoa amri ya kuuzuia mgomo, na hakuna aliyeshuka. Siku 25 tu zilikuwa zimepita tangu shirika hilo liufute mkataba wa wahudumu na kuweka mishahara na masharti liliyoyataka lenyewe, kwa idhini ya jaji wa ufilisi wa mji huohuo. Ndani ya mwezi mmoja sheria ilimruhusu mwajiri aachane na ahadi yake, kisha ikamkatalia mfanyakazi haki ya kukataa kazi kwa bei mpya. Sibishi kwamba shirika lililo taabani lina haki ya kuomba mishahara ipunguzwe. Ninachobisha ni kuliita jambo hilo ombi wakati anayeombwa hana ruhusa ya kukataa, na historia ya miaka themanini ya sheria hizi inaonyesha kwamba haikulazimika kuwa hivyo.

Wahenga walisema ahadi ni deni, na katika ufilisi usemi huo ni sheria tupu. Anayefilisika ameahidi kupita uwezo wake: ameiahidi benki, ameahidi wauza mafuta, wenye viwanja, wastaafu na wafanyakazi. Sura ya 11 ya sheria ya ufilisi ya Marekani, iliyoandikwa upya mwaka 1978, humpa nafasi ya kuvuta pumzi. Wadai husimamishwa, hakuna anayeruhusiwa kukamata mali, menejimenti hubaki ofisini, ndege huendelea kuruka, na mdaiwa hupewa muda wa kupanga upya nani alipwe nini. Yupo mdai mmoja ambaye sheria hiyo haimzuii kwa muda mrefu, naye ni yule aliyelikodishia shirika ndege au aliyelikopesha fedha za kuinunua. Kifungu cha 1110 hulipa shirika siku 60. Zikipita bila malipo kurudishwa sawa kama yalivyoahidiwa, mwenye ndege anaweza kuichukua ndege yake na kwenda zake. Kinga hiyo ilianzia kwa wakopeshaji wa vichwa vya treni na mabehewa, kisha ikahamishiwa kwenye ndege, na sababu yake inaeleweka: bila uhakika huo, nani angethubutu kuikopesha mamilioni ya dola biashara inayoyumba kila bei ya mafuta inapopanda? Wabunge walijua kwamba anayeweza kuondoa mali yake hulipwa kwa heshima, na kwamba mwenye uwezo huo mara nyingi halazimiki kuutumia.

Mfanyakazi wa ndege naye alikuwa na kinga yake, iliyozaliwa relini vilevile. Mwaka 1926 kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi viliandaa kwa pamoja Sheria ya Kazi za Reli, na mwaka 1936 Bunge likaipanua iyahusu mashirika ya ndege. Chini ya sheria hiyo, mkataba wa hali bora haufi tarehe yake inapofika. Mazungumzo mapya huanza, na masharti ya zamani huendelea kufuatwa. Mazungumzo yakikwama, bodi ya taifa ya usuluhishi huingia kati, na hakuna kikomo cha muda ambao inaweza kuwaweka mezani. Ikiwaachia, zinafuata siku 30 za kupoza hasira, na baada yake Rais anaweza kuunda bodi ya dharura na kuongeza muda zaidi. Njia ni ndefu, na ilikusudiwa iwe ndefu, kwa maana reli ikisimama nchi nzima husimama. Lakini urefu huo ulikuwa na gharama, na kila upande uliibeba. Mfanyakazi alikubali kuuchelewesha mgomo. Mwajiri akakubali kutogusa mshahara wala ratiba mpaka njia yote imalizike. Subira ya huyu ilinunuliwa kwa subira ya yule.

Mapatano hayo yalianza kulegea mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoondoa mamlaka ya serikali ya kupanga nauli na njia za ndege. Mashirika mapya yenye gharama ndogo yakaingia sokoni, na yale ya zamani yakajikuta na mikataba ya enzi ambayo kila gharama ilihamishiwa kwa abiria bila wasiwasi. Tarehe 24 Septemba 1983 Frank Lorenzo, aliyekuwa ameinunua Continental, aliipeleka mahakamani mjini Houston kuomba kinga ya Sura ya 11. Wafanyakazi wapatao 12,000 walisimamishwa. Siku chache tu baadaye ndege zilianza kuruka tena zikiwa na wafanyakazi wachache, nauli ya dola 49, na mishahara iliyokatwa karibu nusu. Marubani na wahudumu waligoma tarehe 1 Oktoba, wakiwafuata mafundi waliokuwa nje tangu Agosti. Mgomo wa marubani ulidumu hadi 1985 bila kulirudisha shirika kwenye masharti ya awali. Menejimenti za mashirika mengine zilikuwa zikitazama, na zilichojifunza ni kwamba mahakama ya ufilisi inaweza kumaliza kwa siku chache jambo ambalo meza ya usuluhishi ingelichukua miaka.

Februari 1984, katika kesi ya Bildisco, kampuni ya New Jersey iliyosambaza vifaa vya ujenzi, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba mwajiri aliyeomba kinga ya ufilisi hatendi kosa la kikazi akiacha kuufuata mkataba hata kabla jaji hajamruhusu. Vyama vya wafanyakazi vilikimbilia Bunge, na Julai mwaka huohuo kikazaliwa Kifungu cha 1113. Ukikisoma, utaona kimetungwa na watu waliotaka haki itendeke. Kinamtaka mwajiri alete pendekezo, afungue vitabu vya hesabu, ajadiliane kwa nia njema, na aombe yale tu yaliyo ya lazima ili shirika lisimame tena, huku mzigo ukigawanywa kwa haki kati ya wote wanaohusika. Jaji huufuta mkataba pale tu chama kinapokataa bila sababu ya msingi na mizani ya haki inapoegemea wazi upande wa kuufuta. Kilichokosekana ni sentensi moja. Kifungu hakikusema mfanyakazi anarudishiwa nini siku mkataba wake unapofutwa, na hasa kama anarudishiwa haki ya kugoma. Ukimya huo ulikaa zaidi ya miaka 20, mpaka ulipojibiwa kwa hasara ya wahudumu wa Northwest.

Historia ya Northwest ina faida ya pekee kwa hoja hii, kwa sababu shirika hilo liliokolewa na wafanyakazi wake mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Mwaka 1993 lilikuwa limelemewa na madeni yaliyotokana na kununuliwa kwake mwaka 1989, na lilikuwa limefika ukingoni mwa ufilisi. Vyama vilikaa na menejimenti, vikakubali kuachia dola milioni 886 za mishahara na marupurupu kwa miaka mitatu hivi. Nao wafanyakazi wakapewa hisa na viti katika bodi ya wakurugenzi. Shirika halikuingia mahakamani. Miaka michache baadaye lilikuwa likipata faida, na ushirikiano wake na KLM ulifika hadi kwetu: abiria wa Nairobi aliyepitia Amsterdam kwenda Minneapolis au Detroit alikuwa akisafiri kwa mtandao uliookolewa na mishahara ya mafundi, marubani na wahudumu hao. Walitoa kiasi kikubwa kwa sababu waliyaona mahesabu wakayaamini, na walilipwa kwa hisa kwa sababu mwenye shirika alijua kwamba wangeweza kukataa.

Mara ya pili mambo yalikwenda kinyume. Mashambulizi ya Septemba 2001 yaliyumbisha mashirika makubwa, kisha mafuta yakapanda bei. US Airways na United zilifilisika mwaka 2002, na US Airways ikarudi mahakamani mwaka 2004. Mei 2005 United iliruhusiwa kuikabidhi mifuko yake ya pensheni kwa shirika la serikali la dhamana, ikiwa na pengo la dola bilioni 9.8, na dhamana hiyo ilifunika bilioni 6.6 tu. Agosti 2005 mafundi wa Northwest wapatao 4,400 waligoma, na shirika likaweka wengine mahali pao likaendelea kuruka. Tarehe 14 Septemba Northwest na Delta ziliomba kinga siku moja katika mahakama moja ya New York, mwezi mmoja kabla ya sheria kali zaidi ya ufilisi kuanza kutumika. Northwest ilitaka wafanyakazi wake wapunguze gharama za dola bilioni 1.4 kwa mwaka, na fungu la wahudumu lilikuwa milioni 195. Novemba walikatwa mshahara kwa muda, zaidi ya asilimia 20. Viongozi wao wakaleta makubaliano; Juni 2006 wanachama wakayakataa kwa asilimia 80. Jaji Allan Gropper akaruhusu mkataba ufutwe. Wahudumu wakabadili chama, chama kipya kikaleta makubaliano mengine, nayo yakakataliwa tarehe 31 Julai kwa asilimia 55 dhidi ya 45. Siku hiyohiyo masharti ya shirika yakaanza kutumika.

Kura hizo hazikupigwa na watu waliokuwa na anasa za kutetea. Kwa desturi ya mashirika ya Marekani ya wakati ule, saa ya malipo ya mhudumu ilianza kuhesabiwa ndege inapoondoka getini. Kumsaidia mzee apate kiti, kupandisha mizigo kwenye makabati ya juu, kutuliza mtoto anayelia, kusubiri saa mbili za ukungu mlango ukiwa wazi, yote hayo yalikuwa kazi isiyo na mshahara wa saa. Anayelipwa hivyo akikatwa moja ya tano, anakatwa kwenye kodi ya nyumba. Agosti hiyohiyo kijitabu cha ushauri wa kubana matumizi kiligawiwa wafanyakazi wa Northwest waliokuwa karibu kupoteza kazi, na miongoni mwa ushauri wake ulikuwemo wa kutoona haya kuokota kwenye takataka kitu ulichokipenda. Shirika lilikiri kwamba ushauri huo haukufaa. Lakini waliousoma walikuwa wameshaelewa namna walivyokuwa wakitazamwa na waliokuwa wakiwapangia mishahara.

Suala la mgomo lilipofika kwa Jaji Gropper, alikataa kuuzuia, akizingatia sheria ya mwaka 1932 inayozibana mahakama za shirikisho zisiingilie migogoro ya kazi kwa amri za zuio. Jaji Marrero akaona vingine, na tarehe 29 Machi 2007 Mahakama ya Rufani ilimuunga mkono. Hoja yake, iliyoandikwa na Jaji John Walker, ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, mkataba uliofutwa kwa idhini ya mahakama haukuvunjwa, umeondolewa. Pili, kwa kuwa haupo, mwajiri hafungwi tena na wajibu wa kuacha masharti kama yalivyokuwa. Tatu, wajibu wa chama wa kufanya kila juhudi ifaayo ili kupata mkataba mpya chini ya sheria ya 1926 ungali pale pale, na kugoma wakati huo ni kuuvunja. Mahakama haikusema wahudumu hawatagoma kamwe. Wangeweza kungoja bodi ya usuluhishi iwaachie. Lakini wangengoja wakilipwa kwa viwango vipya, na mwajiri anayelipa viwango alivyojipangia hana sababu ya kuharakisha mazungumzo. Sheria ya 1926 ilikuwa nguo moja yenye pande mbili. Mahakama iliupasua upande uliomfunga mwajiri, kisha ikamfunga mfanyakazi kwa upande uliobaki.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu lina jina, nalo ni Eastern. Mafundi wa shirika hilo la ndege waligoma tarehe 4 Machi 1989, marubani na wahudumu wakaungana nao, siku tano baadaye shirika likaomba kinga, na tarehe 18 Januari 1991 likafungwa kabisa, maelfu wakipoteza kazi. Wapo wanaosema kwamba hivyo ndivyo mgomo wakati wa ufilisi unavyoishia, na kwamba jaji anayeuzuia anawaokoa wafanyakazi na hasira yao wenyewe. Mauti ya Eastern ni onyo la kweli, na kila mfanyakazi anayepima mgomo anapaswa kulikumbuka. Lakini mgomo haukuwa ugonjwa pekee. Mchunguzi wa mahakama alibaini kwamba mali za shirika zilikuwa zimehamishiwa upande wa kampuni mama ya Lorenzo, yuleyule wa Continental, kwa masharti yaliyoiumiza Eastern, na Aprili 1990 mahakama ilimwondolea Lorenzo usimamizi na kumteua Martin Shugrue awe mdhamini. Continental nayo, iliyofuta mikataba na kuushinda mgomo, ilirudi kwenye ufilisi Desemba 1990. Basi kuwanyima wafanyakazi sauti hakukuwa dawa, na kuwapa sauti hakukuwa sumu pekee. Zaidi ya hayo, mwenye ndege anayechukua ndege zake baada ya siku 60 anaweza kuliua shirika haraka kuliko mgomo wowote, na bado sheria inamwamini apime faida na hasara yake mwenyewe. Ndege iliyochukuliwa hukodishwa kwingine na hairudi. Mgomaji hurudi kazini siku ya makubaliano. Mwenye silaha kubwa anaaminiwa, mwenye silaha ndogo anashukiwa.

Pingamizi la pili ni kwamba hakuna aliyelazimishwa kubaki, kwani asiyeridhika na mshahara anaweza kuacha kazi. Hili lingekuwa na uzito katika kazi ambayo ujuzi unahama na mtu. Katika ndege kila kitu hufuata ukongwe ndani ya shirika moja: nani apate safari ya Tokyo na nani akeshe akisubiri simu ya kuziba pengo, nani apumzike sikukuu, nani apunguzwe kwanza. Mwenye miaka 25 kazini akihamia shirika jingine huanza mkiani pamoja na waliomaliza mafunzo juzi. Ukongwe huo ndio akiba yake, na hauhamishiki. Ndiyo maana Sheria ya Kazi za Reli haikumwachia mfanyakazi mmoja mmoja ajitetee kwa kuondoka. Ilimtambua akiwa ndani ya kundi, na nguvu ya kundi ni kukataa pamoja.

Pingamizi la tatu linawatetea abiria, na linastahili heshima, kwa sababu anayekwama uwanjani akienda mazishini hana ugomvi na yeyote. Ushahidi unaonyesha kwamba wahudumu walilifikiria hilo kuliko walivyosifiwa. Njia yao ya kushtukiza safari chache ilikuwa imejaribiwa Alaska Airlines mwaka 1993, na safari zilizogomewa zilikuwa saba tu kabla ya mkataba kupatikana. Mgomo wa Northwest ulipangwa kuanza tarehe 15 Agosti; polisi wa Uingereza walipotangaza tarehe 10 kwamba wamezima njama ya kulipua ndege za kwenda Marekani, chama kiliusogeza mbele chenyewe hadi tarehe 25, bila kuamriwa na jaji. Kwa upande mwingine, kuziba mlango wa mgomo hakuleti amani angani. American Airlines iliomba kinga Novemba 2011 ikiwa na fedha taslimu zaidi ya dola bilioni nne, na Septemba 2012 jaji aliiruhusu ifute mkataba wa marubani. Majuma yaliyofuata safari nyingi zilichelewa na kufutwa. Menejimenti ililaumu ripoti nyingi za hitilafu zilizoandikwa na marubani, chama chao kikakana kuandaa mgomo baridi, na abiria wakabaki hawajui wa kumuuliza. Mgomo wa wazi una msemaji, una dai, na una siku unayoweza kukoma.

Mei 2007 wahudumu wa Northwest waliridhia mkataba kwa tofauti ndogo sana ya kura. Shirika lingepunguza gharama kama lilivyotaka, nao wangepata dai la dola milioni 182 katika mali ya ufilisi, ambalo wangelikosa wakikataa. Siku chache baadaye shirika lilitoka mahakamani, na mkuu wake akapangiwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 20. Mwaka 2008 Northwest iliunganishwa na Delta, ambako wahudumu hawakuwa na chama, na katika uchaguzi wa mwaka 2010 chama kilishindwa kwa kura 328. Miswada ya kurekebisha Kifungu cha 1113 ilipelekwa Bungeni, haikupita. Ningependa mmoja urudi, na hauhitaji kurasa nyingi. Useme kwamba mkataba wa wafanyakazi ukifutwa na jaji, pande mbili zikae mezani kwa muda uliopangwa, na muda huo ukiisha bila makubaliano, wafanyakazi wawe huru kugoma. Muda wenyewe umeshapimwa na Bunge hilohilo ukaonekana unalitosha shirika lililo taabani kutengeneza mambo yake. Ni zile siku 60 alizopewa mwenye ndege.